KIOO CHA MBELE CHA PIKIPIKI: KIPI KINAPUNGUZA UPEPO NA MAKELELE?

Katika namba hii tunataka kuzungumza juu ya kitu tunachokiona kila siku barabarani hapa Ngezi bila kukifikiri sana: kile kioo cha plastiki kinachofungwa mbele ya pikipiki, juu ya taa, kwa kuzuia upepo. Wengine wanakiita parabrizi, wengine kioo tu. Motari mmoja anakisifu. Mwenzake anatuambia: "Ile kioo ilikuwa inaniletea makelele kuliko bila kioo, nilitosha." Sasa nani anasema kweli? Tulipochunguza tukaona ya kuwa wote wawili wanasema kweli, na sababu yake inapatikana katika somo letu la fizike.

Musiseme hili ni jambo la mamotari peke yao. Kati yetu wako wanaoletwa masomoni na pikipiki, wako wenye yaya zao wanaolisha nyumba nzima kwa kazi hiyo, na wako wenzetu ambao kengele ya mwisho ikilia tu wanakwenda kuendesha ili wapate minervali. Walimu wetu wanakwenda nayo. Wachungaji na wainjilisti wanakwenda nayo Komanda, Mongbwalu, Mahagi, na kule chini Kasenyi. Mtu akikaa saa tatu mbele ya upepo wa kilomita 80 kwa saa anafika na shingo ngumu, macho mekundu, na masikio yanalia ngiii mpaka usiku. Kesho yake mwalimu anasoma imla, yeye anaandika neno lingine. Tunamcheka. Kumbe hakusikia.

Tuanze na upepo wenyewe. Hewa iko na uzito, ijapo hatuioni. Mtu aliyekaa wima juu ya pikipiki anautolea upepo kifua, mabega na kichwa, jumla karibu nusu ya mita mraba. Tukifanya hesabu na hewa ya hapa Bunia, kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa upepo unamsukuma nyuma kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 3 hivi. Kwa kilomita 60 ni kilo 7. Kwa kilomita 80 ni kilo 13. Muone vizuri: mwendo umekuwa mara mbili, lakini nguvu imekuwa mara nne. Ndio maana ndani ya mji, kati ya Ngezi na soko, hakuna mtu anayelalamika juu ya upepo, maana mashimo na watu havimruhusu kukimbia. Taabu inaanza pale njia inaponyooka.

(Kwa wale wa sayansi: Bunia iko karibu mita 1.270 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kidogo. Ukiteremka Bogoro mpaka Kasenyi, kando ya Ziwa Albert, uko kwenye mita 620 hivi, na hewa ya kule ni nzito zaidi. Tofauti si kubwa, lakini hesabu ni hesabu.)

Hata hivyo, kusukumwa nyuma si ubaya mkubwa. Mwili unazoea nguvu isiyobadilika, unainama mbele kidogo, inakwisha. Kinachochosha ni ule upepo unaopiga kichwa huku na huku, pa-pa-pa-pa, kama mtu anayekupiga makofi madogo juu ya kaske bila kupumzika. Macho yanatetemeka, njia mbele yako inatetemeka pia, na shimo unaliona umekwisha kuingia. Unatoka wapi upepo huu?

Nendeni mtoni Shari mkatazame jiwe lililo katikati ya maji. Mbele ya jiwe maji yanakuja yametulia. Pembeni yanapita kwa haraka. Nyuma ya jiwe yanazunguka-zunguka, yanarudi, yanapigana yenyewe kwa yenyewe. Jani likianguka pale halijui liende wapi. Kioo cha pikipiki ni jiwe lile. Hewa inakigonga, inapanda, inaruka juu ya ukingo wake, na pale ukingoni inakatika na kufanya visulisuli vidogo vinavyofuatana moja nyuma ya kingine. Kama kichwa chako kiko mahali visulisuli vinapopita, wewe ndiwe jani.

Hapa ndipo siri yote ya kuchagua kioo. Watu wengi wanafikiri ya kuwa kioo kidogo kinasaidia kidogo, cha katikati kinasaidia zaidi, na kikubwa kinasaidia sana. Si hivyo. Kioo kifupi, kinachofika kwenye kifua tu, kinaondoa upepo kifuani na kukiacha kichwa katika hewa safi, yaani hewa inayokuja moja kwa moja bila kuzunguka. Kichwa kinasikia upepo, ndiyo, lakini upepo huo umetulia. Kioo kirefu, kinachopitisha hewa juu ya kaske, kinaficha kichwa chote. Bali kioo cha katikati, kile kinachorusha hewa sawasawa kwenye paji la uso, ndicho kibaya kuliko vyote. Ni kibaya hata kuliko kukosa kioo. Yule motari aliyetosha kioo chake alikuwa na cha namna hiyo, na yule anayekisifu labda ni mtu mfupi tu! Kioo kilekile, pikipiki ileile, mmoja ana kimo cha mita 1,60 na mwingine mita 1,80, nao hawatapatana hata siku moja.

Kwa hiyo usikubali kuuziwa kioo kwa neno la "hiki ni kizuri." Kizuri kwa nani?

Tunajua ya kuwa mafundi wa Ulaya na Marekani walihangaika na jambo hili miaka mingi. Mwaka 1976 kampuni ya BMW ya Ujerumani ilitoa pikipiki iliyoitwa R 100 RS. Umbo lake la mbele lilitengenezwa ndani ya nyumba maalum ya upepo, pale wanapopuliza hewa juu ya chombo kilichosimama na kutazama inavyopita. Katika miaka hiyohiyo ya 1970 Mmarekani Craig Vetter alikuwa anauza kioo kikubwa pamoja na kifuniko chake, jina lake Windjammer, mtu akifunge juu ya pikipiki yoyote. Honda nao walianza mwaka 1980 kuuza Gold Wing ikiwa na kifuniko kizima tangu kiwandani. Lakini hizo ni pikipiki za kukimbia kilomita 150 kwa saa juu ya lami iliyonyooka kama rula. Sisi tuko na Boxer na TVS za kutoka India, na zile Yamaha AG 100 za zamani za misioni na za maagronomu. Njia zetu ni za udongo mwekundu, vumbi wakati wa jua na matope wakati wa mvua. Tukichukua kanuni zao, tuzipime kwa njia zetu.

Kanuni ya kwanza ya kwetu ni hii: utazame juu ya kioo, usitazame kupitia kioo. Huko kwenye lami mtu anaweza kukaa nyuma ya kioo kirefu kama dereva wa gari. Hapa haiwezekani. Gari moja tu likikupita karibu na Nizi, kioo chako kimekuwa ukuta wa vumbi. Mvua ikinyesha matone yanabaki juu yake, na pikipiki haina kipangusio. Usiku, taa za gari linalokuja zinaingia katika mikwaruzo ya plastiki na kufanya mwanga mweupe uliotapakaa, huoni mbuzi, huoni mtu. Basi ukingo wa juu wa kioo usipite pua yako ukiwa umekaa kama unavyokaa kila siku. Kati ya kidevu na pua ndipo pazuri kwa watu wengi. Musiogope ya kuwa ni kifupi: hewa haikatiki mara moja ukingoni ikaanguka, inaendelea kupanda kidogo, na kama kioo kimelala vizuri inapita juu ya kaske.

Utajuaje kimo kinachokufaa kabla ya kutoa feza? Iko njia isiyo na gharama, nasi tulipoijaribu ilitupendeza. Chagua kipande cha njia kilichonyooka, kisicho na watu, asubuhi upepo wa kawaida ukiwa umetulia. Endesha kwa mwendo wako wa safari na kioo ulicho nacho, ukishika vizuri kwa mikono miwili. Kisha jiinue kidogo juu ya vikanyagio, kama sentimita 5 au 10, ukisikiliza. Halafu jiinamishe. Kama makelele na makofi vinapungua ulipojiinua, maana yake kichwa kimetoka katika visulisuli na kuingia hewa safi juu yao. Kioo chako kipunguzwe. Kama vinapungua ulipojiinamisha, kiongezwe. Kama havibadiliki popote, tatizo si kimo, soma mbele.

Kabla ya kukata au kuongeza plastiki, ongeza kwanza kartoni. Kata kartoni ngumu, ibandike kwa skochi nyingi juu ya ukingo, ikizidi kwa sentimita 5, ujaribu polepole. Kartoni ikikutuliza, mpelekee fundi kipimo. Wengine wanabandika nyuzi fupi za sufu juu ya kioo na juu ya kaske, na mtu aliye kwenye pikipiki nyingine anazitazama: uzi uliolala umenyooka uko katika hewa nzuri, uzi unaocheza kama mkia wa mbuzi uko katika visulisuli. Tungependa kuwachorea haya yote, lakini karatasi zetu munazijua, mchoro ungetoka doa jeusi.

Sasa juu ya lile tatizo lisilo la kimo. Nyuma ya kioo kikubwa hewa inakuwa pungufu, maana ile ya mbele imesukumwa pembeni. Hewa ya nyuma yako inakimbilia kujaza nafasi ile, na njiani inakupiga mgongoni na nyuma ya kaske. Utasikia kama mtu anakusukuma uanguke juu ya gidoni. Vumbi nalo linaingia kwa njia hiyohiyo, ndiyo maana mtu mwenye kioo kirefu sana anafika mweupe mgongoni na kifuani! Dawa yake inashangaza: acha nafasi chini ya kioo, kati yake na taa, sentimita 3 mpaka 5, hewa kidogo ipite na kujaza mahali palipo pungufu. Wafungaji wengi wanaziba nafasi hiyo kwa kipande cha mpira wakifikiri wanakamilisha kazi. Wanaharibu. Badilisha pia mlalo wa kioo: ukikilaza zaidi kuelekea kwako, hewa inaruka kwa upole zaidi, lakini ukingo unashuka na kukukaribia. Jaribu kidogo kidogo, shanga moja ya buloni kwa safari moja, usibadilishe mambo matatu siku moja maana hutajua lipi lilisaidia.

Na makelele? Juu ya hili tungependa musome polepole. Mtu anafikiri makelele ya pikipiki yanatoka katika injini. Ndani ya mji ni kweli. Ukipita kilomita 60 hivi, upepo unaishinda injini. Vipimo vilivyofanywa Ulaya vinaonyesha ya kuwa ndani ya kaske upepo unaweza kupita desibeli 90 tangu mwendo wa kilomita 65 kwa saa. Wanaolinda afya ya wafanyakazi wanatumia hesabu hii: desibeli 85, masikio yanavumilia saa 8 kwa siku, kila zikiongezeka 3, muda unagawanywa kwa mbili. Kwa 88 ni saa 4, kwa 91 saa 2, kwa 94 saa moja tu. Fanya hesabu ya safari ya Mahagi. Ndani kabisa ya sikio kuna vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti, na vikifa haviote tena. Hakuna dawa hospitali yoyote. Sauti zinazopotea kwanza ni zile nyembamba, kama s, f na t. Mtu anasikia kwamba unasema, lakini hashiki unasema nini, na anafikiri watu wote siku hizi wanaongea vibaya.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, walioandika mwaka 2013, walipima kaske barabarani na katika nyumba ya upepo, wakaona ya kuwa sehemu kubwa ya makelele inaingia kwa chini, pale kidevuni na shingoni. Kwa sisi hiyo ni habari njema, maana shingo inafungwa kwa kitambaa. Kitambaa cha shingo kilichofungwa vizuri, miisho yake ikiingizwa ndani ya koti, kinaziba mlango ule na kuzuia vumbi pia. Kaske yenyewe ifungwe kamba. Ile inayochezacheza kichwani ni ngoma. Kama ina kile kibao cha jua juu ya paji, na kimelegea, kitoe, maana kinashika upepo na kupiga. Pamba katika masikio haisaidii sana, ijapo wazee wanaipenda. Viziba-sikio vya sponji laini vinasaidia kweli, na mtu bado anasikia honi.

Tumesikia wengine wakisema wanaacha kaske sababu inaleta makelele, nao wamefunga kioo badala yake. Ndugu, kioo hakizuii barabara kukupiga kichwa. Na bila kaske makelele ya upepo masikioni yanazidi, hayapungui.

Sasa kununua au kutengenezesha. Plastiki zinazofaa ziko mbili. Ya kwanza ni ile tunayoita pleksi: inang'aa, haikwaruziki upesi, lakini ikipigwa na jiwe inapasuka vipande vyenye makali. Ya pili ni polikabonati: inapindika bila kuvunjika, inastahimili mawe ya malori, lakini inakwaruzika upesi. Kwa njia zetu tunachagua ya pili bila kufikiri mara mbili, unene wa milimita 3. Utaitambua namna gani? Pinda ukingo wake kwa mkono: pleksi inakataa, polikabonati inakubali. Adui yake mkubwa ni esanse. Tone likianguka juu yake mahali ilipokazwa, zinatokea nyufa ndogo kama utando wa buibui, na siku nyingine inakatika. Basi unapotiliwa esanse ya chupa kando ya njia, linda kioo kwa kitambaa.

Kioo cha dirisha la nyumba, hapana. Bati, hapana kabisa, hata likipigwa rangi nzuri na kuandikwa neno la Mungu: siku ya ajali ukingo wake uko sawasawa na shingo yako. Hata plastiki, uzungushie ukingoni bomba jembamba la mpira lililopasuliwa.

Kufunga nako kuna akili yake. Vioo vingi vinafungwa juu ya gidoni. Kioo cha sentimita 50 kwa 40 kinapokea kwa kilomita 80 nguvu ya kilo 5 hivi, na nguvu hiyo inaingia mikononi. Lori kubwa likikupita, au upepo wa ubavu ukitoka ghafula pale juu ya milima ya Djugu, gidoni inavutwa. Kwa hiyo kioo kipana kuliko mabega ni hatari kwa pikipiki nyepesi. Afadhali kifungwe karibu na taa, chini, kwa buloni nne badala ya mbili, na matundu yawe makubwa kidogo kuliko buloni, na pete za mpira pande zote mbili, maana ufa unaanzia tunduni. Baada ya kufunga, pinda gidoni mpaka mwisho kushoto na kuume: je, kioo kinagusa tangi? Kinavuta waya wa breki? Tena kisishuke kufunika injini. Injini za Boxer na TVS zinapozwa na hewa, na kwenye mpando wa kutoka Kasenyi utanuka harufu ya mafuta yanayoungua kabla hujajua kosa liko wapi. Kule Kenya bodaboda nyingi zinaongeza mwavuli mrefu juu, mpaka nyuma ya abiria. Kwa mvua ni kitu kizuri. Kwa upepo wa ubavu ni tanga la mashua, na safari ya Paulo baharini munaijua.

Abiria tusimsahau. Yeye amekaa nyuma na juu zaidi, na visulisuli vilivyomkosa dereva vinamkuta yeye. Mama aliyebeba mtoto mgongoni, mwanafunzi asiye na kaske: hao ndio wanaolipa gharama ya kioo kilichopimwa kwa dereva peke yake. Unapofanya majaribio ya kartoni, mweke mtu nyuma na umuulize naye.

Kusafisha: maji kwanza, mengi, yaondoe mchanga. Ndipo sabuni ya kawaida na kitambaa laini cha pamba, ukipangusa kwa upole. Anayepangusa vumbi kavu kwa mkono wa koti anakichora kioo chake mwenyewe, na baada ya miezi michache hataona kitu usiku. Wadudu waliokauka uwafunike kwa kitambaa chenye maji robo saa, watatoka wenyewe.

Mwenye pikipiki anayetaka kupimiwa kimo cha kioo, aje na kartoni yake na skochi. Kipimo cha mita tunacho.